Kiti cha Mwenzake

Siku ya kwanza Nangila kuitwa kwenye ofisi ya wafanyakazi, alijua kazi yake imekwisha. Aliegemeza ufagio wa mpira ukutani, akavua glavu, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akapanda ngazi huku akimkumbusha Mungu kwamba yeye ni mjane na kwamba watoto wa marehemu mumewe Waliaula bado wanasoma. Lakini Madam Lornah Aloo, meneja wa wafanyakazi, aliinuka kumpokea. Akamwonyesha kiti kilichokuwa pembeni mwa meza ndefu, akasema kwa upole kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani:

"Mama, nimesikia wewe ni mtu wa maombi. Kuna kijana hapa ana kesi kidogo, na hana mwenzake wa kukaa naye. Wewe kaa naye tu. Utufungulie na sala, basi."

Kijana mwenyewe alikuwa Walubengo, mchuna ngozi za samaki, aliyemjibu msimamizi vibaya mbele ya watu. Nangila aliomba kwa moyo wote. Aliwaombea hekima wenye kuamua, akamwombea uvumilivu mwenye kuamuliwa. Akasema Amina, wote wakaitikia Amina, na kabla chai iliyokuwa mezani haijapoa Walubengo alikuwa ameshaambiwa akarudishe gambuti.

Pale kiwandani, kurudisha gambuti ndiko kufukuzwa. Vile viatu vyeupe vya mpira ni mali ya kampuni, na mtu akionekana amevibeba mkononi mchana, hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Nangila alimshika Walubengo mkono, akamsindikiza hadi langoni. Jioni hiyo, kwenye kikundi cha maombi cha akina mama huko Nyamasaria alikoishi, alishukuru kwamba mtoto wa watu hakushuka ngazi zile peke yake.

Basi ikawa ndiyo kazi yake ya pili. Asubuhi alisukuma maji ya damu na magamba kuelekea kwenye mtaro, na ikifika saa ya kesi aliitwa juu. Alianza kuweka kitambaa safi cha kichwa ndani ya kabati lake la nguo, cha kupandia ngazi. Haikumpa kiburi, lakini ilimpa kitu. Tangu mumewe afe hakuna mtu mwenye kalamu mkononi aliyewahi kumwambia, "Mama, bila wewe hatuwezi kuanza."

Na kesi zilikuwa nyingi. Samaki walikuwa wamepungua ziwani. Malori yaliyokuwa yakifika yamejaa mbuta, wale sangara wakubwa, hadi barafu inamwagika barabarani, sasa yalifika nusu, na siku nyingine hayakufika kabisa. Korongo waliozoea kusimama juu ya ukuta wakingoja matumbo ya samaki walihamia jalalani. Kadiri samaki walivyopungua ndivyo makosa ya watu yalivyoongezeka. Wakhisi alichelewa. Mwingine alionekana bila kofia ya nywele. Mwingine alijibu kwa macho. Wote walipanda zile ngazi, wote walimkuta Nangila ameketi, kitambaa safi kichwani, mikono imefumbatana mapajani, tayari.

*

Dishon Opondo alimjia wakati wa chakula cha mchana, nyuma ya banda la mashine ya barafu, mahali ambapo Nangila alipenda kula akitazama ziwa. Siku hiyo maji hayakuonekana. Magugu yalikuwa yamesukumwa na upepo hadi kwenye mawe ya ukuta, kijani kibichi, kama shamba ambalo hakuna anayelima.

Opondo alikuwa mtu mkubwa kutoka Awasi, mpiga koleo wa barafu, na mcheshi wa kiwanda kizima. Ni yeye aliyewahi kutia kichwa cha samaki ndani ya gambuti ya msimamizi Absalom Obonyo, kisha akajifanya kumsaidia kutafuta harufu inakotoka. Lakini tangu mke wake Rachael aanze kupelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, mara mbili kila wiki, mzaha wake ulikuwa umepungua. Mashine ile ililipiwa na bima ya kampuni. Kadi ya hospitali ilikuwa na jina la Opondo juu na jina la Rachael chini, na kila mtu kiwandani alijua kwamba Opondo akikosa kazi leo, Rachael kesho hana mashine.

"Mama, nimeitwa juu," alisema. "Ijumaa."

"Mungu wangu! Kosa gani?"

"Eti nilitoroka shifti. Ile siku Rachael alianguka nyumbani."

"Lakini Absalom si alikuruhusu? Mimi nilikuwa pale mlangoni nasukuma maji. Alikushika bega kama ndugu, akakwambia, 'Enda, omera, mke kwanza.'"

"Alisema kwa mdomo, Mama. Sasa huo mdomo umefungwa. Anasema hajui, hakuniona, alitafuta mtu wa barafu akakosa."

Nangila akafunika mkebe wake wa chakula. "Usiogope, baba. Nitakaa na wewe. Tutaomba na Mungu ata—"

"Hapana."

Alilisema haraka sana, kisha akatazama gambuti zake. "Ndiyo maana nimekuja, Mama. Nakuomba na heshima. Usikuje kukaa na mimi."

Nangila alicheka kidogo, akidhani ni ule utani wake wa zamani. Opondo hakucheka.

"Nani mwingine atakuombea?"

"Niache nisiombewe. Mama, usinikasirikie. Rachael mwenyewe ndiye amesema. Amesema, 'Mtu yeyote, lakini si yule mama wa kitambaa.'"

Akaondoka, koleo begani, na Nangila akabaki na mkebe wake.

*

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alimkuta Seline, mwenzake wa ufagio, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akijipaka mafuta miguuni. Seline alikuwa mwanamke wa maneno yasiyopikwa.

"Seline, watu wananiitaje hapa kazini?"

Seline akaacha kupaka mafuta. "Nani amekwambia?"

"Nakuuliza wewe."

"Mama Amina," Seline alisema. "Na si kwa uzuri. Wakikuona umevaa kile kitambaa chako, kule kwenye laini ya kukatia samaki wanaanza kuulizana, 'Leo gambuti za nani?' Kuna wengine wanakimbilia choo ili usiwasalimie."

"Lakini mimi nawaombea!"

"Unawaombea, ndiyo. Sasa nitajie mmoja. Mmoja tu uliyekaa naye akabaki."

Nangila alianza kuwahesabu. Akamwona Walubengo na mkono wake uliokuwa baridi kama nyama ya samaki. Akamwona Wakhisi akipiga magoti mbele ya Madam, na yeye Nangila akimwinua na kumwambia asilie, Mungu hamtupi mtu. Akawatazama wote, mmoja mmoja, wakishuka ngazi. Hakupata wa kumtaja.

"Wepukhulu wa mashine alikuwa kwenye chama cha wafanyakazi," Seline aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Yeye anasema sheria inataka mtu akishtakiwa akae na mwenzake. Mwenzake aliyemchagua yeye mwenyewe, si wa kuchaguliwa na ofisi. Kiti kile kikiwa kitupu, mtu anaweza kwenda kulalamika kortini kampuni ikaumbuka. Kikiwa na mtu, kesi imekamilika. Haijalishi huyo mtu amesema nini. Sasa wewe unakuja, unaomba, unanyamaza. Unafikiri wanakupendea sauti?"

Nangila alikaa chini kwenye sakafu yenye maji, bila kuangalia anakaa wapi.

Jioni alipopiga magoti nyumbani, malori ya barabara ya Nairobi yakitikisa dirisha, alijaribu kuanza. Baba uliye mwenye hekima, wape hekima walio na mamlaka. Akakoma. Yalikuwa yale yale maneno ya kule juu. Alijaribu kwa lugha ya mama yake, akamwita Mungu kwa jina la Wele kama alivyofundishwa akiwa mtoto, na hapo pia akaona kama mtu anayegonga mlango akiwa amebeba kitu cha wizi. Akapanda kitandani bila kuomba. Hakukumbuka kama aliwahi kufanya hivyo hata siku ya kumzika Waliaula.

*

Alhamisi alipanda ngazi bila kuitwa. Hakuvaa kitambaa safi. Alikwenda na kile cha kazini, chenye magamba.

Ofisi ya Madam Lornah ilikuwa na picha ya watoto wake wawili, na bango kubwa ukutani lililosema kwamba wafanyakazi ni familia ya kampuni. Madam mwenyewe alikuwa mwanamke wa umri wa binti wa kwanza wa Nangila, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi.

"Mama, karibu. Kesho tuko na kesi, saa nne."

"Ndiyo imenileta. Madam, nimekuja kuuliza. Hawa watu ninaokaa nao, mimi nawasaidia au nasaidia ofisi?"

Madam Lornah alitazama mlango, akainuka, akaufunga. "Nani amekuambia mambo haya?"

"Hakuna. Nimehesabu walioshuka ngazi."

Chini, mashine ya kukata vichwa ilinguruma ikanyamaza.

"Unajua, Mama," Madam alisema, "mimi nilisomea kazi hii nikidhani ni kazi ya watu. Kuajiri, kufundisha, mtu akiwa na shida anakuja unamsikiliza. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa naajiri tu. Watu walikuwa wananiletea kuku nyumbani, nawarudisha, nawaambia hii ni kazi, si zawadi. Sasa bosi ananiita, ananiambia, 'Lornah, laini ni ndefu mno.' Haniambii kitu kingine. Mimi najua."

"Basi si muwaambie watu samaki hakuna? Mtu aende akijua ni samaki, si yeye."

"Hiyo njia ina mambo mengi. Kuna chama, kuna afisa wa leba, kuna malipo ya kuagana. Mtu akitoka kwa kosa lake ni njia fupi." Akajishika paji la uso kama aliyesikia maneno yake mwenyewe. "Mama, sikupaswa kukuambia hivyo."

"Opondo ana mgonjwa, Madam. Huyo mama akikosa mashine, ni kaburi. Na unajua."

"Najua. Bima inakoma siku mtu anapotoka. Si mimi niliyeipanga hivyo."

"Na mimi nikikataa kuja?"

"Nitatafuta mwingine. Wako wengi wanaoogopa kazi yao. Na huyo mwingine, Mama, hataomba."

Nangila alishuka ngazi na neno hilo. Lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndicho kilichomuumiza. Mpaka jana lingemtosha.

*

Opondo alikuwa amemchagua Wepukhulu akae naye. Wepukhulu aliyeijua sheria, aliyewafundisha wengine sheria. Ijumaa asubuhi Wepukhulu alisema tumbo linamsokota, akaenda kulala kwenye chumba cha huduma ya kwanza, uso ameuelekeza ukutani.

Saa nne mlinzi alikuja kumwita Nangila.

Opondo alipomwona mlangoni, mabega yake makubwa yalishuka. Alisogeza tu kiti chake kidogo, kama mtu anayempisha yule mwenye kuja kupima jeneza. Upande wa pili wa meza alikaa Absalom Obonyo, msimamizi, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Madam Lornah alikuwa katikati, kompyuta ndogo mbele yake.

"Tuanze. Mama, tufungulie na sala."

Vichwa vikainama. Absalom alikuwa hata ameshafumba macho.

"Leo kabla ya sala nina neno," Nangila alisema.

"Neno ni baadaye, Mama."

"Baadaye huwa haifiki, Madam. Nimekaa hapa mara nyingi."

Absalom akafumbua jicho moja.

"Ile siku inayosemwa hapa, mimi nilikuwa mlango wa barafu nasukuma maji. Opondo alikuja mbio, simu mkononi, akasema mke wake ameanguka. Bwana Absalom alimshika bega hili la kushoto. Akamwambia, 'Enda, omera, mke kwanza, hapa nitaangalia mimi.' Nilisikia na masikio haya."

"Mama," Absalom alisema akitabasamu, "wewe ni mtu wa ufagio. Mashine ya barafu inanguruma vile, ulisikia nini?"

"Ilikuwa imezimwa. Samaki hawakuja siku hiyo. Nyinyi wenyewe mlikuwa mmekaa mnacheza drafti na vifuniko vya soda."

"Madam, huyu mama ameletwa kuomba ama kutoa ushahidi? Nani alimuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza," Nangila alisema. "Hata siku moja."

"Sasa nisikilizeni!" Absalom aligonga meza kwa kiganja. "Hata kama nilimwambia. Nilimwambia kama mtu na mtu! Kama rafiki! Sikumwambia kama supavaiza!"

Alipomaliza, yeye mwenyewe alisikia alichosema. Madam Lornah aliacha kuandika. Opondo alikuwa ameangalia viganja vyake vilivyopasuka kwa baridi, na machozi yalikuwa yakidondoka humo, naye hakuyafuta.

"Kikao kimeahirishwa," Madam alisema.

Hakuna aliyekumbuka kuomba.

*

Jumatatu Opondo alipewa onyo, akaambiwa aendelee na kazi. Kiwanda kizima kilijua kabla hajafika chini. Seline alipiga kigelegele kwenye chumba cha kubadilishia nguo hadi mlinzi akaja kuuliza kuna harusi gani. Watu waliokuwa wakikimbilia choo walimsalimia Nangila kwa mikono yote miwili. Opondo alimletea salamu za Rachael, kwamba akipata nguvu atakuja Nyamasaria mwenyewe, wamalize maneno yale ya kitambaa.

"Mwambie mimi sina neno naye," Nangila alisema. "Alisema kweli."

Jioni hiyo aliweza kuomba, japo kwa maneno machache.

Sasa, wafagiaji wa kiwanda kile walikuwa na desturi yao. Siku ya Ijumaa kila mmoja alichukua kichwa kimoja cha mbuta kutoka kwenye beseni la vichwa na migongo wazi, ile mifupa inayobaki minofu ikishakatwa. Hakuna aliyejua nani alianzisha. Mameneja walikuja wakaondoka, wakaikuta na kuiacha. Mlinzi wa langoni alizoea kupapasa mfuko wa Nangila na kumwambia, "Pita, Mama. Hicho kichwa kina akili kuliko changu."

Ijumaa iliyofuata mlinzi hakutania. Aliufungua mfuko, akatoa kichwa, akakiweka juu ya meza, na kukipiga picha kwa simu.

"Mama, unisamehe," alisema bila kumtazama. "Nimeambiwa."

Seline, aliyekuwa nyuma yake, alipitishwa na chake.

*

Mashtaka yalikuwa wizi wa mali ya kampuni. Madam Lornah alimsomea mwenyewe, haraka haraka, macho yamekazia karatasi.

"Una haki ya kuwa na mwenzako, Mama. Uchague mtu."

Nangila alimwendea Seline kwanza. Seline alilia kabla hajaulizwa. "Mama, nina watoto. Na mimi nilibeba kichwa siku hiyo hiyo. Nikikaa pale wataniuliza changu kilikwenda wapi." Nangila akampangusa machozi kwa pindo la aproni. Alipita kwenye laini, na kila alipopita watu waliinamia samaki wao, visu vikakimbia. Wepukhulu alimsalimia vizuri sana, akasema tumbo lake bado halijatulia.

Hakuwalaani. Usiku wa kuamkia kesi aliazimia kwamba atakaa peke yake. Kiti kibaki kitupu, wote wakione. Kama yale maneno ya Wepukhulu kuhusu korti yalikuwa ya kweli, basi kiti kitupu kingemsemea.

Asubuhi alivaa kitambaa safi, akapanda ngazi.

Kiti hakikuwa kitupu. Opondo alikuwa amekaa juu yake, pembeni mwa meza ndefu, aproni imefuliwa, mikono imefumbatana mapajani.

"Ofisi imekusaidia, Mama," Madam Lornah alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Tulisikia umekosa mtu. Bwana Opondo amekubali kukaa na wewe."

Absalom alikuwa upande wa pili. Alitabasamu tu.

Nangila alisimama mlangoni, akamtazama Opondo. Opondo alitazama meza. Hakuhitaji kuulizwa ameambiwa nini. Onyo lilikuwa bado linaning'inia juu ya kichwa chake, na ile kadi ya hospitali ilikuwa na jina lake juu na la Rachael chini. Mtu hapewi maneno mengi kwa jambo kama hilo. Wangekuwa wamemwita tu, wakamuuliza mkewe anaendeleaje.

Aliona njia yake wazi. Sheria ilisema achague yeye. Angesema tu, huyu sikumchagua, simtaki, na Madam angelazimika kuandika, na kiti kingebaki kitupu. Na Opondo angeshuka ngazi akiwa mtu aliyetumwa kazi moja ndogo akashindwa nayo. Kabla ya wiki kwisha angekuwa amebeba gambuti. Na kule hospitalini wangeipitisha kadi kwenye kile kimashine chao, wakaipitisha tena, kisha wakamwambia Rachael ainuke ampishe mwingine.

"Mama?" Madam Lornah alisema. "Umemkubali?"

Opondo aliinua uso. Alikuwa anatikisa kichwa, polepole sana, na Nangila hakujua kama anamwambia akatae au anajikataa mwenyewe.

"Ndiye niliyemchagua," Nangila alisema. Akaketi.

Madam Lornah aliandika. Alichukua muda mrefu kwa neno fupi kama lile. Kisha akasema, kwa mazoea tu, kama mtu anayefunga mlango uliofungwa tayari, "Bwana Opondo, tufungulie na sala."

Opondo alisimama. "Baba," alisema. "Baba wetu." Akakohoa. "Baba, wewe unaona."

Hakuendelea. Alibaki amesimama hivyo, macho ameyafumba, mpiga koleo mzima.

Nangila hakufumba macho. Katika kesi zote alizokaa, chumba kile hakuwahi kukiona wakati wa sala. Absalom alikuwa anasoma simu chini ya meza. Dirisha lilikuwa linaonyesha magugu, na korongo mmoja amerudi juu ya ukuta. Na Madam Lornah hakuwa amefumba macho pia. Alikuwa anamtazama yeye. Walitazamana, mwanamke na mwanamke, mpaka Madam akafumba macho wa kwanza.

"Amina," Opondo alisema.

"Amina," Nangila akaitikia peke yake.

Haikuchukua muda. Alipoulizwa kama alichukua kichwa cha samaki alisema alichukua, kila Ijumaa, kama wengine wote, tangu aanze kazi. Alipoulizwa nani alimruhusu alisema ni mdomo wa mtu, na kwamba mdomo huo haupo tena. Mwenzake aliulizwa kama ana la kusema. Mwenzake hakuwa na la kusema.

Alivua gambuti kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, akazisuuza kwa mpira wa maji, ndani na nje, kwa sababu hangependa kurudisha kitu kichafu. Opondo alikuwa amemfuata. Alizichukua mikononi mwake bila kuuliza, wakatoka wote kwenye uwanja wenye jua kuelekea ghalani, na kule kwenye laini visu vikatulia.

"Mama, nitamwambiaje Rachael?" alisema.

"Mwambie aende kwenye mashine siku yake."

Walipokaribia mahali ambapo madirisha ya laini yanatazama uwanja, Nangila alisimama, akanyoosha mkono.

"Nipe hizo gambuti nibebe mwenyewe," alisema. "Wakikuona umezishika watadhani ni wewe."